Nilimfungia Mama Mkwe Darasa la Kusoma

Mama Justa, mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, safu yako naisoma kila Jumamosi hata kabla ya kurasa za michezo, lakini sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitashika kalamu kukuandikia mimi mwenyewe. Naomba msaada wako, maana jambo hili nimelibeba tangu mwezi wa saba na sasa limenishinda. Majina tafadhali yabadilishe.

Nina miaka thelathini na sita, nina mke na watoto watatu, tunaishi Mkolani, na kazi yangu ni karani katika maktaba moja ya umma ambayo sitaitaja. Kazi zetu ni kugonga mihuri kwenye vitabu vinavyoazimwa, kuwanyamazisha wanafunzi wa sekondari, kuwasomea watoto hadithi Jumamosi, na siku hizi kuwaamua wazee waliopunguzwa kazini wanaogombea magazeti, maana tangu magazeti ya watu binafsi yawe mengi chumba kinajaa kuanzia saa mbili asubuhi na kila mmoja analitaka lile lenye matangazo ya kazi. Mwaka huu, kwa kuwa madarasa ya kisomo ya zamani yamekufa, wakubwa wetu waliamua tuanzishe darasa la watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, kila Jumatatu na Jumatano saa tisa alasiri, bila malipo, na mimi ndiye niliyepewa kufundisha.

Sikufichi, nilifurahi sana. Kidato cha nne nilipata sifuri, ualimu nilioutamani tangu utotoni ukaniponyoka, na sasa ghafla watu wazima wakawa wananiita Mwalimu, mpaka akina mama wa samaki sokoni wananiita Mwalimu na kuniongezea sato mdogo juu ya fungu, na mimi naitika.

Sasa Mama Justa, sisi ni Wajaluo wa Mara, mimi na mke wangu Akelo, wazazi wetu wote walitoka pande za Shirati, na kwetu mkwe ni mkwe. Mama mkwe wangu naye anaishi hapa hapa Mkolani tangu afiwe na mume, lakini kwa miaka kumi na miwili ya ndoa sijawahi kula mbele yake, sijampa mkono, tukikutana njiani mmoja wetu anachepuka, na jina lake siwezi kuliandika hata hapa. Yeye alijua nafanya kazi maktaba ila alidhani napanga vitabu tu. Jumatano moja nilikuwa nimegeukia ubao naandika ba, be, bi, bo, bu, nikasikia darasa limenyamaza, nikageuka, na mama mkwe wangu alikuwa amekaa benchi la mbele na daftari jipya magotini. Chaki ilinidondoka. Yeye akajifunika uso kwa khanga akatoka mbio, akaacha kandambili moja chini ya benchi, na wanafunzi wangu wakaangua kicheko mpaka wa chumba cha magazeti wakaja kuchungulia.

Jioni ile alimtuma mke wangu: "Mwambie mkwe nimeona aibu, lakini kusoma bado nataka. Apange namna. Nitakaa hata nje barazani, au mtu mwingine anifundishe."

Namna ilikuwepo. Mwenzangu Getruda aliwahi kufundisha kisomo kule Magu, na anafundisha vizuri kuliko mimi. Lakini niliona nikimwachia Getruda darasa, nitarudi kuwa mgonga mihuri, na wenzangu ofisini watacheka kwamba Mwalimu amefukuzwa na mama mkwe. Nikamwambia mke wangu, "Aje Jumatatu, tutaangalia." Kisha nikaandika tangazo kwa herufi kubwa, DARASA LIMEJAA, HATUPOKEI WANAFUNZI WAPYA HADI MWAKANI, nikalibandika mlangoni, nikamwagiza Mzee Nkwabi, mlinzi wetu, kwamba akija mama wa namna fulani amsomee. Mama Justa, darasa lilikuwa na watu kumi na mmoja, na mabenchi yanatosha watu ishirini na watano.

Akaja. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kabati la kadi, naona na kusikia. Mzee Nkwabi alimsomea, naye akamwomba arudie, safari hii akiweka kidole chini ya kila neno. "Hapa ndipo panaposema limejaa?" "Ndiyo, mama, hapo." "Na mwakani ni hapa?" "Ndiyo." Akasema asante, akashuka ngazi. Tangu siku hiyo hajarudi, na mimi nilijisemea mambo yameisha salama.

Hayajaisha. Wiki tatu zilizopita mke wangu alikuwa anamenya mihogo, akaniambia bila hata kunitazama, "Baba Adoyo, mama amesema basi, atatia dole." Nikauliza dole gani, ndipo nikaelezwa mambo ambayo ukoo ulinificha kwa kuwa mimi ni mkwe. Kumbe baba mkwe wangu marehemu aliacha shamba karibu na ziwa, upande wa Kigongo, na mwaka juzi mdogo wake, anaitwa Ogweno, alimletea mama karatasi pamoja na kijana wa kuisoma, na yule kijana akasoma kwamba ni karatasi ya kuwaandikisha watoto warithi, mama akatia dole gumba, na miezi miwili baadaye akakuta watu wanajenga kwenye shamba lake, maana karatasi ilisema amemwachia Ogweno. Sasa wapimaji wa viwanja wamefika Mkolani, na Ogweno ameleta karatasi nyingine, hii ya kiwanja chenye nyumba anayokaa. Mama alimjibu, "Njoo mwezi wa kumi na mbili. Nitaisoma mwenyewe." Siku ya pili yake akanunua daftari akaja kwetu maktaba.

Mke wangu alijitolea kumsomea karatasi hiyo. Mama akakataa: "Siyo kwamba sikuamini, mwanangu. Nimechoka kusomewa." Lakini sasa anaona mwaka unakwisha, darasa limejaa, kusoma hajui, na majirani wanamwambia asigombane na ukoo wa marehemu, kwa hiyo amechoka na anataka atie dole yaishe.

Mke wangu hajui kwamba darasa halikujaa. Ananiuliza kila siku, "Hakuna hata nafasi moja?" na mimi najibu nitaangalia. Usingizi sina. Nimefikiria kusema nafasi imepatikana, mtu mmoja amehama, aje, na mimi nitajifanya naumwa siku hizo Getruda ashike. Hapo uongo wangu utakufa kimya kimya na mama atasoma. Au nimwambie mke wangu ukweli na nyumba yangu iwake moto? Na mama mkwe wangu nitamwambiaje wakati hata kumtazama siruhusiwi? Nishauri, mama yangu, na ujibu haraka, huu ni mwezi wa tisa.

Wako,
Mkwe Mwenye Aibu, Mkolani

Mama Justa anajibu:

Mkwe Mwenye Aibu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilikasirika, na sasa ninapoandika nimebaki na vyote viwili, kwa hiyo vumilia.

Aibu ya ukwe naijua. Mimi ni mtoto wa Usukumani, na baba yangu mzazi, mtu mzima mwenye ng'ombe na heshima zake, akimwona mama mkwe wake anakuja alikuwa anaingia kwenye mihogo na kuchuchumaa humo mpaka apite. Sikucheki kwa kudondosha chaki. Ungesema ulishindwa kumfundisha, ningekuunga mkono mbele ya mtu yeyote.

Lakini mila haikukuambia uandike tangazo. Mila ilikuambia ukae mbali, basi. Mama mwenyewe, ambaye hajasoma hata saa moja, ndiye aliyekupa jibu: mtu mwingine amfundishe. Ulilielewa vizuri sana. Hukulitaka, kwa sababu huyo mtu mwingine ndiye angeitwa Mwalimu na kuongezewa sato. Usijifiche nyuma ya mila kama ulivyojificha nyuma ya kabati la kadi. Unajiita Mkwe Mwenye Aibu, mimi naona jina hilo limekupendelea.

Kaa chini sasa, maana kuna jambo umeliandika kwa mkono wako mwenyewe na bado hujaliona. Kijana wa Ogweno alichukua karatasi, akamsomea mama huyo yasiyokuwemo, akampotezea shamba. Wewe ulichukua karatasi, ukaandika yasiyokuwa kweli, ukamtuma mzee wa watu amsomee, ukampotezea darasa. Wote wawili mlitumia kitu kimoja: kwamba hajui kusoma. Yeye aliweka kidole chini ya kila neno akitafuta mahali pa kuliamini. Nakuambia hivi kwa uchungu, siyo kwa kukutukana. Mwalimu ni mtu anayemtoa mwenzake kwenye hali hiyo, wewe uliitumia.

Basi, hiyo njia yako ya kimya kimya, hapana. Ukimwambia nafasi imepatikana, mama atakushukuru. Atamtuma binti yake na kuku, akushukuru kwa kumhangaikia. Utamla huyo kuku? Isitoshe, siku moja Mzee Nkwabi atawahesabu watu wanaopita mlangoni pake, na Getruda ana macho. Habari itamfikia mama, na siku hiyo atakuwa amedanganywa mara ya tatu.

Mkeo umwambie leo. Usingoje Jumapili, usingoje watoto walale, usitafute maneno matamu. Mwambie: darasa lilikuwa na watu kumi na mmoja, tangazo niliandika mimi, na sababu ilikuwa sifa. Atakasirika. Huenda akaenda kulala kwa mama yake siku mbili tatu, mwache aende, na wewe pika ugali mle na watoto. Hasira ya mke aliyeambiwa ukweli na mumewe huwa ina mwisho. Ile ya mke aliyeusikia kwa mlinzi sijawahi kuona mwisho wake, na barua za namna hiyo ninazo kabati zima.

Mama mkwe hutamwambia wewe, ni kweli. Lakini ulipotaka kuoa hukwenda kumtazama usoni pia, si ulituma mshenga? Mtume huyo huyo. Ila mwambie asilipunguze jambo wala asilipambe, asiseme kulikuwa na kutoelewana. Aseme mkwe wako alikudanganya na anaomba radhi. Kama wazee wa upande wa mkeo watadai kitu cha kuondoa aibu hiyo, toa bila kupatana. Na Mzee Nkwabi naye umwombe radhi, kwa sababu ulimfanya aseme uongo akidhani anamsaidia mama wa watu.

Jumatatu asubuhi mwachie Getruda darasa, lote, siyo kwa kujifanya unaumwa. Saa tisa Jumatatu na Jumatano uwe chumba cha magazeti, mlango umefungwa, mama aingie na kutoka bila kukutana nawe. Sokoni wakikuita Mwalimu, waambie mwalimu ni Getruda. Mara ya kwanza itakuuma kweli kweli. Mihuri nayo ni kazi, kijana wangu, na vitabu haviwafikii watu bila mtu wa kuigonga.

Sasa karatasi. Hapa sikubembelezi, nakuagiza. Mama asitie dole, hata akiambiwa ukoo umekaa kikao, hata akiletewa mchungaji. Mkeo aende naye kwa mwenyekiti wa mtaa wiki hii, aseme mbele ya mashahidi kwamba kuna karatasi imeletwa na mama hajakubali, na wapimaji nao waelezwe nani anakaa kwenye nyumba ile na tangu lini. La shamba la Kigongo lipelekwe kwa mwanasheria, hapo mjini wapo wanaosaidia wajane, na yule kijana msomaji atajwe kwa jina. Haya yote yanawezekana kabla mama hajajua hata herufi moja. Yasichanganywe na darasa, na mtu yeyote asije akamwambia, "Basi, mambo yako yameshughulikiwa, kusoma kwa nini tena?" Alisema amechoka kusomewa. Msikieni.

Unahofia muda hautatosha, huu ukiwa mwezi wa tisa. Getruda amfundishe kwa bidii, na mkeo amkalishe kila jioni na daftari lake. Ikifika Desemba na bado anakwama kwenye maneno marefu, Ogweno na asubiri. Mama huyo amesubiri maisha yake yote.

Mama Justa