Kabati la Baba Halipiti Mlangoni

Jumapili, tarehe 23, alasiri

Kaka mpendwa,

Pokea kwanza salamu zangu, kisha za Baba, ambazo alinipa akiwa amebana misumari mitatu midomoni, kwa hiyo sina hakika kama nimezipata zote. Nilisikia "mwanangu", nikasikia "mkewe", na katikati palikuwa na neno refu ambalo naamini lilikuwa la baraka. Je, hujambo? Jino la wifi limetulia? Na wanangu, bado wanagombea kitanda cha juu? Sisi huku tu wazima. Goti la Baba humsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne hulisahau, nasi tunalisahau pamoja naye.

Najua unasubiri taarifa ya kuhama. Tangu Jumanne umepiga simu mara nne, na mara zote nne nimekujibu kwamba mambo yanakwenda. Sikusema uongo, ila sikusema yanakwenda wapi. Sasa nimekaa na shajara yangu mbele yangu nikueleze kwa mpangilio, maana kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa hupoteza tarehe.

Unakumbuka tulivyokubaliana Baba alipoanguka kwenye ngazi akizibua mfereji wa paa, akalala uani mpaka jirani alipomsikia. Ulisema mzee hawezi tena kuishi peke yake, na ulisema kweli. Ukaamua, kama mkubwa wetu, kwamba ahamie kwangu, ghorofa ya tatu, kwenye lifti. Vyombo vitakavyoenea vije naye, vinavyobaki viwekwe katika ghala la kampuni ya uhamishaji uliyoikodi, na nyumba apewe yule daktari uliyempata, aliyetaka aikute tupu chumba kwa chumba. Nami nilikubali. Tena nilikubali haraka, na hilo nitalirudia baadaye.

Maandalizi yalianza tarehe 4. Nilinunua futi mpya, nikapima mlango wangu, lifti, ujia, na ile kona ya jikoni inayobana. Vipimo vyote viko ukurasa wa 61 wa shajara. Tarehe 10 msichana wa ofisi ya kampuni alinipigia akasema utaratibu wao ni kutuma mtu aje kuangalia mizigo kabla ya siku yenyewe. Nikamwambia asisumbuke, kila kitu kimepimwa. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nimefanya kazi miaka kumi na tisa katika ofisi ya mafaili ya wagonjwa na hakuna faili lililowahi kupotea mikononi mwangu. Akasema haya, akakata simu. Nilidhani ameridhika.

Baba siku zote hizo hakupinga neno. Alikaa tu akinitazama nikipanga vitu ndani ya maboksi, nikiyaandika namba, moja mpaka arubaini na tatu. Nililolifunga asubuhi, mchana nililikuta limefunguliwa. La 17 alilifungua akitafuta randa, kwa sababu mlango wa jirani ulikuwa unakwama. La 9 alilifungua akitafuta miwani, na miwani ilikuwa juu ya paji la uso wake. Kila nilipomuuliza kama yuko tayari kuhama, alisema aliye tayari ni yule aliyeulizwa. Niliiandika katika shajara kama methali, tarehe 12. Sasa naona haikuwa methali.

Basi Jumanne tarehe 18, saa mbili kamili asubuhi, lori likafika. Walikuwa wapagazi wanne wenye ovaroli za buluu pamoja na msimamizi wao, mzee mwembamba mwenye ubao wa karatasi kifuani, ambaye wenzake wanamwita Taratibu kwa kuwa neno hilo ndilo pekee analolitumia. Sahani ikiteleza, taratibu. Mtu akinywa maji kwa pupa, taratibu. Nilimpenda papo hapo. Nikajisemea huyu ni mtu wa mafaili mwenzangu.

Sheria ya kampuni yao ni kwamba hakitoki kitu kabla hakijaandikwa, na pembeni yake huandikwa hali kiliyokutwa nayo, ili kesho asije mtu kudai lori ndilo lililokwaruza. Mwisho mwenye mali anatia sahihi. Taratibu akaanza na meza ya kulia, akaandika: mguu mmoja mfupi. Baba akaomba asomewe. Aliposomewa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akamuuliza Taratibu kwa upole ufundi alijifunzia kwa nani. Akasema meza ile aliiunda kwa mikono yake, miguu yote imetoka ubao mmoja na imelingana kama mapacha wanne, na kilicho kifupi ni sakafu. Wapagazi wakaamriwa kuitoa meza barazani ili ushahidi uonekane. Barazani nako ikacheza. Baba akasema baraza ilimwagwa na mwashi yule yule.

Tukaja kwenye kiti chake. Taratibu akaandika kimechakaa. Baba akasema hakijachakaa, kimezoea. Kwa ajili ya amani, Taratibu akakata neno la kwanza akaandika la pili. Kisha ile benchi ya ukumbini: imekwaruzwa. Hapo Baba akagoma kabisa. Alisema mkwaruzo una mwenyewe, na ukiandikwa bila mwenyewe watu watadhani ni uzembe wa fundi. Kwa hiyo, Kaka, ujue kwamba katika karatasi za kampuni, nakala tatu, imeandikwa kuwa benchi hiyo ilikwaruzwa na mtoto wa kwanza wa kiume alipokuwa akijifunza baiskeli ndani ya nyumba kinyume cha amri. Mimi nimo kwenye kimeza cha redio, kwa jambo la mkasi, na sitalieleza zaidi.

Ilipotimu saa tano, orodha iliyotarajiwa kuwa kurasa tatu ilikuwa imefika tisa. Wapagazi wamekalia maboksi yangu wakiambiana kwamba hawajawahi kubeba mizigo yenye ukoo mkubwa kiasi hiki. Mmoja wao, pande la mtu wanayemwita Winchi, akasema wakifika kwenye vijiko yeye anaacha kazi.

Ndipo tukaingia chumbani kwa Baba, kwenye kabati. Unalijua. Futi saba kwenda juu, sita upana, na kina chake kama chumba kingine. Nilitegemea Baba atahutubia hali yake mpaka jua lizame, lakini alisimama mlangoni, mikono nyuma, kimya. Hapo ilinipasa nishtuke. Winchi na wenzake wakalikumbatia, wakalisogeza mpaka mlangoni, na pale mlangoni likasimama. Wakaligeuza ubavu, likakataa. Wakalilaza, likakataa zaidi, maana sasa lilikuwa limeziba njia na wapagazi wawili walibaki ndani. Dirishani kuna nondo. Winchi akaomba futi yangu. Kina cha kabati inchi thelathini na tatu, mlango inchi thelathini.

Taratibu akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaniuliza kama nilipima. Nikafungua ukurasa wa 61 nikamsomea vyote, mlango wangu, lifti, ujia, mpaka kona ya jikoni. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, taratibu, habari za mlango huu. Kaka, nilikuwa nimepima kila mahali kabati litakapoingia. Mahali litakapotokea sikupima. Winchi alicheka akashika ukuta. Kutoka ndani ya chumba wale wawili waliofungiwa wakauliza kuna nini, walipoambiwa nao wakacheka, na kicheko cha watu wasioonekana, nakuambia, kinauma mara mbili.

Winchi akauliza basi liliingiaje. Baba akasema halikuingia, lilizaliwa humo. Mwaka ule walipohamia yeye na Mama, alipitisha mbao moja moja, akaliunda pale pale kwa siku tisa huku Mama akilala chumba cha pili akilalamikia vumbi. Halina msumari wala skrubu, ni viungo vitupu vya kupachikana na gundi. Halifunguki. Ni ukuta ubomolewe au kabati likatwe. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, siku zote zile aliponiona napima. Akasema mtu mwenye futi mkononi na daftari kwapani haonekani kama mtu anayetaka kuambiwa kitu.

Nikakupigia simu. Ulikuwa kikaoni, ukanong'ona kwamba likatwe tu, kabati ni mbao, na daktari anaingia tarehe mosi. Ukakata. Nilikuwa nimeweka spika.

Baba akatoka. Nilidhani amekwenda uani kununa. Alirudi na msumeno wake na penseli sikioni, akamwambia Taratibu kwamba kama ni kukatwa, likatwe na anayelijua. Wakalisimamisha. Akapiga goti, lile lile bovu, akaweka guniamita yake ya kupimia pembe, akachora mstari ulionyooka ubavuni mwa kabati kutoka chini kwenda juu, pole pole, akichagua mahali ambapo pakija kuunganishwa pasionekane. Kisha akanigeukia akasema, "Usijali, mama. Tutaliunga huko kwako, litakuwa zuri tu." Ananibembeleza mimi, Kaka! Winchi akavua kofia. Hata Taratibu aliushusha ubao wake. Baba akaweka meno ya msumeno juu ya mstari, akayaondoa, akayaweka tena.

Nikasema basi. Nilisema kwa sauti ambayo sikuipanga. Nikamwambia Baba ainuke, nikamwambia Taratibu arudishe kila kilichotolewa, kuanzia meza.

Taratibu akatazama karatasi zake. Akasema kurudisha si kazi, ila kwenye daftari la kampuni kuna safari moja ya lori iliyokwisha andikwa kwa jina letu, na kizimba kimoja ghalani kimetengwa kwa miezi mitatu, na yeye katika miaka yake yote hajawahi kurudisha lori tupu. Akaniuliza, kama anayeuliza habari za hali ya hewa, kama hakuna mahali pengine penye vitu vya kuhamisha. Nilikunywa glasi ya maji. Kisha nikampa anwani.

Nimefika sasa kwenye jambo lenyewe, Kaka, na nakuomba ukae kama umesimama. Anwani niliyompa ilikuwa yangu. Saa kumi jioni fleti yangu ilikuwa tupu na imefagiliwa, na saa kumi na moja vyombo vyangu vilikuwa ghalani, kizimba namba 114, nyuma ya wavu. Barua hii naiandika nikiwa chumbani kwangu kwa zamani, na Baba yuko ukumbini anapigilia rafu ya mafaili yangu. Daktari wako nimemwarifu. Alisema maneno ambayo siwezi kuyatia katika barua iliyoanza kwa salamu.

Orodha yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Katika hali, Taratibu aliandika kila mstari: kama mpya, kama mpya, kama mpya. Niliisoma ndani ya lori mara mbili. Wakati mwingine wowote ningejivuna.

Tena kuna la ndani zaidi, nami nilisema nitalirudia. Nilikubali haraka Baba aje kwangu, nikakwambia ni kwa sababu ya lifti. Haikuwa lifti. Nilijua tangu siku ile alipoanguka kwamba jambo jepesi ni mimi kurudi nyumbani, kwa kuwa sina mume wala mtoto wa kumhamisha shule, na kazini ni karibu kutoka huku kuliko kule. Lakini niliogopa kuonekana. Mwanamke wa miaka arubaini na tatu anayeingia lango la baba yake na sanduku, nilijua watakachosema: alitoka, yamemshinda, karudi. Nikaona heri nimng'oe mzee wa miaka sabini na nane kuliko mimi nipite langoni na sanduku. Basi nimepita. Jirani aliniuliza kama nimekuja kukaa, nikasema ndiyo, akasema vizuri, basi nimrudishie ngazi yake. Ndiyo hiyo fedheha yote niliyoikimbia.

Jioni ile nilimuuliza Baba kama anakubali nikae naye. Ndilo swali la kwanza nililomuuliza mwezi mzima likiwa swali kweli. Alisema atafikiri. Alifikiri mpaka chai ikapoa, kisha akasema sawa, lakini nisimwandike namba.

Najua umekasirika, na haki unayo, maana ulipanga vizuri kutoka mbali na mimi nimepangua. Nigombeze, ila nigombeze kwa barua. Macho ya Baba siku hizi hayawezi maandishi madogo, kwa hiyo kila barua yako namsomea kwa sauti, yote, bila kuruka mstari, naye huniomba nirudie pale alipopapenda. Chagua maneno.

Msalimie sana wifi, na jino lake. Wabusu wanangu, uwaambie babu yao anauliza lini watakuja, na kwamba vitanda vya hapa vyote ni vya chini. Mungu akulinde, akupe na subira ya kuimaliza barua hii mara ya pili.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba, anayepatikana sasa kwa anwani ya nyumbani