Mifupa ya Wino

Kirolirwe, Jumapili, Agosti 1966

Hata sabuni imeshindwa! Binti yangu Riziki anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, na kwa kuwa hatuna picha za mifupa, jana alichora mifupa yote ya mkono, na majina yake, kwa wino juu ya mkono wangu wa kulia.

Leo kanisani niliinua mkono kuombea mavuno ya maharagwe, mkono wa shati ukateremka. Mama Furaha, muuza maziwa, akasema kwa sauti: "Papa Mwalimu, umeanza kuoza ungali muzima?" Hata mchungaji alicheka. Mimi sikucheka.

Njiani Riziki akaniwekea sharti. "Papa, funika mukono, uniulize. Nikikosa mufupa moja tu, naenda Butare vile unapenda. Nikijua yote, basi njo naenda Kinshasa."

Chuo cha Butare, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, ni karibu. Angerudi kila likizo. Kinshasa ni mbali mno, na naogopa kuzeeka bila kumwona. Kwa hiyo nilimuuliza kwa ukali, hata vile vifupa vidogo vya kifundo cha mkono. Hakukosa hata kimoja.

Nyumbani fomu ya kuomba chuo ilingoja mkono wangu. Nimeandika Kinshasa na kutia sahihi, nikitazama mifupa ya wino ikicheza juu ya vidole.

Sitausugua tena mkono huu. Acha wino ufutike polepole.