Sikio Langu na Chuma cha Ntirenganya

Mugunga, Goma
Tarehe 9 Juin 1975

Mpendwa mudogo wangu Séraphine,

Nakuita kwa jina la ubatizo. Mutu wa posta akisoma atusamehe, lile jipya serikali ilitulazimisha bado linanikwama kooni. Uko muzima huko Kisangani? Magoti yako je, na bwana yako anayekoroma? Sisi tunapumua. Mimi ninapumua na sikio moja na nusu.

Usilie bado. Mwezi wa nne muiba wa lupango, ule uzio wa nyumba, ulinikwaruza sikio juu, pale pagumu. Likavimba, jekundu, la moto kama bugali. Pale chini tu, munapotobolea herini, ndipo palibaki pazima.

Ntirenganya unamujua, tulichunga ng'ombe pamoja tangu hatujavaa suruali. Akasema, "Muzee, masikio ya ng'ombe mangapi nimeponesha?" Akatia chuma motoni, akanichoma. Nilimushika mukono nisipige kelele.

Usaha ukajaa chini ya ngozi, tukaenda hospitali. Munganga alinieleza: ule mufupa laini hauna damu yake, unakula kwa ngozi inayoufunika. Usaha ukiwatenganisha, mufupa unakufa njaa. Akanipasua, akatoa usaha, akakata vipande vilivyokufa, akaacha kamupira ka kutoa maji, akanifunga kichwa chote. Na sindano, Séraphine, mahali nisipoweza kukuandikia. Sasa sikio limejikunja kama uyoga mukavu.

Hilo si la kuniuma. Munganga aliuliza ni nani alinichoma. Ntirenganya alikuwa amesimama pale pale. Akasema, "Ni yeye mwenyewe, papa. Alilewa, akaangukia moto." Wakacheka. Mimi nikamungoja aseme kweli. Kulewa ninalewa, sikatai. Siku ile sikuwa nimeonja kitu.

Sasa Mugunga yote inanicheka. Na Ntirenganya kila siku ya Mungu alikuja na kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, akakaa upande wa sikio zima, asiione kazi yake. Nilikunywa, pombe haina kosa.

Juzi nikasogeza kiti, sikio zima likaelekea ukuta. Alifika, akazunguka, akakosa pa kukaa. Nikamungoja tena. Akaweka kibuyu chini, akaenda.

Kiko pale pale mulangoni. Sijakigusa, na wewe unanijua.

Nisalimie watoto wako, Annonciata na Paul. Mungu awalindie masikio yote mawili.

Ndugu yako, na mapendo hayakukatwa,
Honoré