Jembe la Mchezo

Lyamkena, Makambako
16 Juni 1996

Kaka Tarsis,

Kamwene. Huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imekuja na hasira, na mguu wa mama kule nyumbani umeanza tena. Anakusalimu. Anauliza kama kikohozi cha saruji kimekuachia.

Nina habari ya kuchekesha. Watu wa Dar walikuja hapa na kamera kutengeneza mchezo wa vichekesho wa televisheni. Waliuita Gesti ya Njia Panda. Mkubwa wao ni Bwana Abdulatif, kijana wa koti la ngozi, kutwa anapiga kelele "Simama! Rudia!" mpaka kuku wa jirani wakazoea. Walifanyia kwenye gesti ya Mzee Ngailo, pale ninapopika chai nikisubiri chuo.

Kila kitu kiliwaendea kombo. Umeme ulikatika, wakawasha jenereta, jenereta ikanguruma hadi maneno hayasikiki. Dada aliyetoka Dar kuigiza bibi harusi aliona umande umeganda juu ya majani, akapanda basi bila kuaga. Bwana Abdulatif akanitazama na birika langu mkononi. "Wewe! Unaweza kulia?" Nikamwambia kwa moshi wa jiko hili naweza bila kujaribu. Basi, nikawa bibi harusi. Bwana harusi alikuwa Timoth, mtoto wa Mzee Ngailo, maana mzee aliitoa nyumba kwa sharti kwamba mwanawe aonekane kwenye picha.

Mchezo wenyewe ni wa posa. Jembe la kuposea walilokuja nalo lilikuwa kuukuu, lenye mpini. Wazee wakacheka. "Lenye mpini ni la kwenda shamba, hilo halijaposa mtu." Mzee Ngailo akaenda dukani mwenyewe, akaleta jipya, akalifunga kwenye kitenge. Mzee wao wa kuigiza baba wa bibi harusi naye hakujua hata namna ya kukaa, kwa hiyo akaitwa baba mdogo Romanus. Wakawekewa maji kwenye vikombe badala ya ulanzi. Baba mdogo akasema, "Bwana mkubwa, kuigiza nitaigiza, lakini kuigiza kunywa sijafundishwa." Ukaletwa ulanzi wa kweli.

Baba mdogo akaniuliza kama inavyoulizwa: jembe hili tulipokee? Mara ya kwanza nikajibu, "Rudisheni, bwana harusi ana miguu ya korongo." Watu wakavunjika mbavu, hata Timoth mwenyewe. "Simama! Rudia!" Tukarudia mpaka nikachoka, nikasema, "Pokeeni, baba." Machozi yananitoka kwa moshi.

Ukiniona kwenye televisheni huko, piga yowe uwaambie wenzako ni mdogo wako. Halafu la mwisho ndilo kubwa: Ilembula wamenijibu. Masomo ya uuguzi yanaanza Oktoba.

Mdogo wako,
Eufrasia


Tabata, Dar es Salaam
7 Julai 1996

Mdogo wangu Eufrasia,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mimi mzima, kadiri mtu wa zege anavyoweza kuwa mzima. Kikohozi kipo, tumezoeana. Tangu kiwanda kiuzwe na sisi tuambiwe asanteni, ni kazi ya saidia fundi tu, kupandisha ndoo kwenye maghorofa ya watu nisiowajua. Televisheni naiona dirishani kwa muuza maredio Kariakoo, mlinzi akiwa hajatufukuza.

Ilembula imenifurahisha. Ada nitaleta, usihangaike.

Miguu ya korongo nimeicheka. Halafu nikaacha kucheka. Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya kamera siyajui. La jembe nalijua. Jembe jipya, halina mpini, limetoka mkononi kwa baba wa kijana, limeingia mkononi kwa baba yako mdogo, ulanzi umenywewa, binti kaulizwa, kasema pokeeni. Hebu niambie, hapo cha kuigiza kilikuwa kipi? Ni Abdulatif peke yake, na yeye ameshaondoka.

Jembe liko wapi? Ukiniandikia, jibu hilo kabla ya salamu.

Kaka yako,
Tarsis


Lyamkena
11 Agosti 1996

Kaka,

Jembe liko darini kwa baba mdogo.

Kamwene, na unisamehe kwa kukawia. Barua yako ilinikuta nimekasirika na wewe, nikaona unaharibu kicheko changu. Nilimwendea baba mdogo nikidhani atasema, lo, nilisahau, lipeleke. Alikuwa ananoa panga, hakuinua macho.

"Nililipokea kwa mikono hii mbele ya watu," akasema. "Nikilirudisha watasema umekataa, au watasema una kasoro. Nina mabinti watatu nyuma yako. Nani ataposa kwenye nyumba yenye kurudisha majembe?"

"Baba, ulikuwa mchezo."

"Ulanzi niliokunywa haukuwa mchezo. Nililewa."

Nikacheka, kaka, kwa sababu alisema kweli. Wiki iliyofuata Mzee Ngailo akaja na sukari, na kitenge cha mama, na mshenga kabisa. Anasema mchezo ulikuwa njia tu ya Mungu. Tofauti ya wao Walutheri na sisi Wakatoliki itamalizwa na wenyewe wenye makanzu. Timoth si mtu mbaya. Ananisaidia kuchota maji. Lakini nilipomuuliza kwa nini hasemi ukweli, alijibu, "Ukweli upi? Mimi nilikupenda tangu kabla ya kamera."

Mama anasema yeye ni mwanamke, neno la nyumba ni la baba mdogo au lako wewe mkubwa wetu. Kikao kimewekwa Jumapili ya tatu ya Septemba. Wakikubaliana, Oktoba nitakuwa napika chai ileile kwenye gesti ileile, ila nikiwa mke.

Njoo. Au kama huwezi, tafuta ile kaseti. Bwana Abdulatif alitusimamisha kutwa nzima, na nilisema rudisheni, na watu walicheka. Yote yamo humo. Wakiona kwa macho yao, hakuna mzee atakayesema ilikuwa posa.

Mdogo wako,
Eufrasia


Tabata
8 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa nimechoka, usitafute mwandiko mzuri.

Kuja siwezi. Nyapara amesema anayeondoka mwezi huu asirudi, na getini wamejaa vijana wanaosubiri ndoo yangu. Nikija nikashinda kikao, ada ya Ilembula itatoka wapi? Nimeiweka hivi na vile, naona heri nibaki.

Lakini kaseti nimeipata. Abdulatif nilimkuta Magomeni, siku hizi anapiga video za harusi. Mchezo wenu haukupata pa kuonyeshwa. Wale wa televisheni waliangalia kidogo wakamwambia picha ni giza na jenereta inaongea kuliko waigizaji. Alinipokea kama mtu anayedaiwa. "Kaka, ule mchezo ulinimaliza," akasema. "Gari la kukodi liliharibika Mikumi, bibi harusi akanikimbia, na hata ndani ya koti la ngozi nilipata mafua. Hiyo kaseti ndiyo pekee, nimuachie nani bure?"

Nikamuuliza anataka nini. Kwa mama yake hapakuwa na choo kinachofaa. Nimechimba shimo, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka nikakuta maji, nikahamia upande wa pili nikachimba tena. Jana amenipa. Nilimuuliza kama kweli kila kitu kimo. Akaapa kwa mama yake aliyekuwa amekaa palepale: "Kila kitu kimo, tena nimekitengeneza vizuri."

Sijaiangalia. Mtu wa kupanga chumba kimoja ataiangalia kwa deki ipi? Nimempa Omary, yule dereva wa lori la mbao wa Makambako, akupe wewe mkononi, si kwa baba mdogo.

Ikae mbele ya wazee wote. Usiwaonyeshe vipande. Waone yote.

Kaka yako,
Tarsis


Lyamkena
22 Septemba 1996

Kaka Tarsis,

Omary alinipa kaseti mkononi kama ulivyosema. Naandika nimesimama, maana ndani kumejaa wageni.

Lyamkena deki ni moja tu, ya Mzee Ngailo. Nilidhani atakataa. Akasema, "Kwa nini nikatae? Na mimi nina hamu." Jumapili ile wazee wakakaa mbele, kina mama nyuma, watoto madirishani. Mzee Ngailo akachinja mbuzi. Ningejua hapo, kaka. Mtu anayeogopa kushindwa hachinji mbuzi.

Ikaanza. Gesti ikaonekana, watu wakapiga vigelegele kwa kuona mlango wanaoingilia kila siku. Timoth akatokea na suti ya kuazima, wakacheka. Baba mdogo akatokea, akajitazama mdomo wazi. Nikawa nasubiri "Simama! Rudia!" Haikuja. Nikasubiri miguu ya korongo. Haikuja. Abdulatif amekata yote, kaka. Amekata kila mahali tulipokosea, kila mahali tulipocheka. Jenereta ikiunguruma hata ameweka ngoma juu yake. Kilichobaki ni jembe linawekwa chini, baba mdogo anauliza, na mimi nainamisha kichwa, machozi yananishuka, nasema pokeeni.

Shangazi Tabea akasema kwa sauti, "Mwone alivyoinama! Mimi niliolewa mbele ya padri na sikuinama hivyo."

"Ni moshi!" nikasema. "Muulizeni Timoth, jiko lilikuwa linafuka."

"Moshi uko wapi?" akauliza mzee mmoja. "Mbona sioni moshi?"

Kwenye picha kulikuwa na giza mno kuona moshi.

"Nilikuwa naigiza," nikasema.

"Mwanangu, waigizaji tunawajua," akasema Mzee Ngailo, tena kwa upole. "Yule wa Dar alikuwa mwigizaji, akaondoka. Wewe ulibaki." Akamwambia Timoth, "Rudisha hapo." Timoth akarudisha. Nikasema pokeeni tena. Wakarudisha tena kwa ajili ya mzee mmoja asiyesikia vizuri.

Baba mdogo akasimama. Nadhani hadi siku ile na yeye hakuwa na uhakika. Alikuwa anashikilia neno lake tu. Akasema, "Kuna aliyesikia mtu akisema huu ni mchezo? Mimi sijasikia. Nilidhani nimekunywa nikasahau, kumbe nilikumbuka sawasawa." Wazee wakapiga makofi.

Kabla ya kaseti kulikuwa na wazee wawili upande wangu. Baada ya kaseti hakuna.

Jumamosi wananipeleka. Si mbali, ni kuvuka barabara. Umechimba mashimo mawili, najua, na mikono yako naijua. Lakini kaka, hukuiangalia.

Mdogo wako,
Eufrasia


Tabata
6 Oktoba 1996

Mdogo wangu Eufrasia,

Sijui nikusalimie vipi, kwa hiyo nasema tu kamwene.

Nilikwenda Magomeni. Nilikwenda na kipande cha nondo, sikufichi. Abdulatif alikuwa anakunywa chai na mama yake, na mama yake akanimiminia na mimi, akanishukuru kwa choo. Nondo nikaiweka chini.

Nilimuuliza vipande alivyokata viko wapi. "Kaka, mikanda ni ghali. Nimerekodia harusi ya Kinondoni juu yake." Nikamwambia ulichokata ndicho kilichokuwa kimuokoe mdogo wangu. Alinitazama kama mtu anayeambiwa habari za nchi nyingine. "Lakini kukata makosa ndiyo kazi yenyewe," akasema. Hakuwa anatania. Na mimi ninapopiga lipu nafunika nyufa, nalipwa kwa hilo.

Alinipa kitu, labda ili niondoke. Mchezo haukuwa na sehemu moja. Sehemu ya pili ilikuwa imeshaandikwa, ila hawakuipiga kwa sababu kila kitu kilishaharibika. Alinisomea. Msichana yupo kwa wakwe. Asubuhi, watu wamejaa sokoni, anatoka na lile jembe kichwani bila kulifunika. Kila mtu anamuuliza unakwenda wapi, anawajibu kwa utani, na wanacheka. Anafika dukani kwa baba mkwe, analiweka juu ya kaunta mbele ya wateja, anasema, "Mzee, nimelijaribu, halilimi." Anapanda gari anakwenda shule. Baba mkwe anabaki anamuuliza mteja kama anahitaji jembe.

Eufrasia, chuo hakijafunguliwa. Gari la Ilembula unalijua linaposimama. Ada ninayo, imo ndani ya mto wa kulalia. Watu watasema, waache waseme, mimi ndiye mkubwa wenu na nimekuruhusu kwa maandishi haya. Baba mdogo akiuliza, mwonyeshe sahihi yangu.

Nijibu upesi.

Kaka yako,
Tarsis


Lyamkena
15 Machi 1998

Kaka Tarsis,

Kamwene. Sisi wazima. Mtoto ameanza kutambaa, tumemwita Hilda. Mama mguu umetulia, alikuja kumwona mjukuu akakaa mwezi. Baba mdogo ameozesha binti yake wa kwanza, anasema ni kwa sababu yangu.

Barua zako zote nilizipata. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kinakulaumu, na wewe hukustahili zaidi ya ile lawama ya kwanza. Nimesikia kwa Omary kwamba kifua kimekulaza. Nenda hospitali, usinywe majani tu. Pesa ya kwenye mto itumie kwa hilo.

Timoth hanipigi wala halewi. Nakuambia ili usishike tena nondo. Kaseti bado wanaionyesha wakija wageni wa kulala, wanaipenda, wanasema mbona Dar hawaonyeshi vitu kama hivi. Mimi huwa niko jikoni.

Barua yako ya sehemu ya pili ilichelewa kufika, siku hiyo chuo kilikuwa kimeshafunguliwa. Nadhani ilipitia mikono mingine. Hata ingewahi, sijui. Nimekaa nayo muda wote huu ndani ya sanduku la nguo za mtoto. Mwezi uliopita mvua ilitufungia ndani, Timoth akaniomba nimsomee kitu, na mimi nikaitoa. Sikumwambia imetoka wapi. Nikamsomea yote, msichana, soko, kaunta, halilimi.

Kaka, alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasema ni nzuri kuliko ile ya kwanza, akauliza kwa nini hawakuipiga. Nikamwambia walikosa mtu wa kuigiza yule msichana.

"Kweli," akasema. "Huku angepatikana wapi?"

Mdogo wako,
Mama Hilda