Nazi ya Picha

Isevya, Tabora
Alhamisi jioni

Kaka Pazi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alitufundisha, si kwa sababu moyo umependa. Hamjambo hapo nyumbani? Goti la Mama linaendeleaje, na mihogo imesalimika na ngedere? Mimi mzima wa mwili. Usijisumbue kupiga simu, nimeizima kwa makusudi, maana nikisikia sauti yako nitatamka maneno ambayo dada hamwambii kaka yake. Barua hii nampa dereva wa basi. Ifungue mbele ya Mama, umsomee yote, usiruke.

Unajua kilichonileta huku. Chuo cha ufundi cha wasichana kilipewa kompyuta kuukuu, nikaajiriwa kuzifufua. Windows mpya haziwezi kuibeba, nikaziwekea Linux, mfumo mwepesi wa bure. Usidhani ni kuchomeka flashi na kubofya. Ya kwanza mfumo uliingia vizuri, nikazima, nikawasha: kioo cheusi na kistari kinapepesa. Nikarudia tangu mwanzo. Kioo cheusi. Kumbe mashine ilikuwa inautafuta mfumo kwa njia ya zamani na mimi nimeuweka kwa njia mpya, na pa kubadilishia ni kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla Linux yenyewe haijaamka. Siku nzima ya matusi ya kimoyomoyo kwa ajili ya mstari mmoja! Mwishowe nikapata mashine moja yenye diski nzima, nikaifanya kuu, na nyingine zote nikaziunga kwayo kwa waya ziwe zinavuta mfumo kutoka kwake. Kuu ikiwaka, zote zinawaka. Kuu ikigoma, una chumba cha masanduku. Na Mkuu wa chuo alishanieleza waziwazi kwamba wafadhili wakija kukagua wakakuta masanduku, yanauzwa vyuma chakavu na mimi narudi kwetu.

Sasa, mtunza stoo wa chuo alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa hapa hapa, nyumba yake iko njia ya Kipalapala. Siku ya kwanza nilipotaja kwamba mimi Mzaramo, aliweka ufagio chini akapiga makofi.

"Mwangaluka, mtani! Kuna kiwanja kimebaki huko kwenu, au vyote mshauza mkacheze mdundiko?"

Nikamjibu, "Shikamoo, mpagazi. Mgongo umepona yale meno ya tembo?"

Tangu hapo hatukusalimiana kistaarabu tena. Nilimficha kofia, akanificha viatu. Aliniletea asali ya porini, akasema ni dawa ya ujinga, nimeze asubuhi na jioni. Wewe utani unaujua: huruhusiwi kununa, na ukienda kumshtaki mtani kwa mkubwa, aliyepotoka ni wewe.

Wanafunzi walikuwa wanaleta flashi za michezo na kuwashia mashine kwa hizo, wanairuka Linux yangu. Nikafunga ule ukurasa wa mipangilio kwa neno la siri, na Mzee Maganga akapiga kufuli dogo kwenye kila sanduku, maana vifaa vya ndani vilishaanza kuota miguu. Wakati naandika neno lile alisimama nyuma yangu, anauliza hiki cha nini, kile cha nini. Nikamjibu vizuri tu. Basi chuo kikafunga likizo, asubuhi moja nawasha mashine kuu, inaniuliza neno kabla ya jambo lolote, na neno langu inalikataa. Nageuka, namkuta Mzee Maganga mlangoni kajifunga shuka kama mtemi, kanyoosha mkono: kalibadilisha yeye.

"Msafara haupiti nchini kwangu bila hongo," akasema. "Babu zako walilipa vitambaa. Mimi vitambaa ninavyo. Nataka nazi moja."

Nikaenda sokoni nikanunua nazi. Akaitikisa, akainusa, akanirudishia. "Hii ni ya mchuuzi. Nataka iliyoanguka mlangoni kwa mama yako. Usitetemeke, wageni wa ukaguzi wakikaribia nitafungua hata bila nazi. Siwezi kumwaibisha mtani wangu mbele za watu."

Ndipo nilipokupigia wewe. Nazi moja, kaka! Nyumba imezungukwa na minazi mpaka Mama anaogopa kuanika nguo chini yake. Ukasema, "Nazi tu? Kesho." Kesho yake mkwezi kaenda harusini. Kesho kutwa basi limekuacha. Halafu mvua. Halafu, bila haya, ukanitumia picha: umeishika nazi, meno yote nje, chini umeandika "ipo njiani." Nazi iko mkononi mwako, njiani ipo vipi?

Nilimwonyesha Mzee Maganga picha hiyo. Alicheka mpaka akashika meza. "Mwambie kaka yako, kwa picha ya nazi nitamfungulia picha ya kompyuta." Akapanda baiskeli akaenda zake, mabega bado yanamtikisika. Usiku ule kifua kilimbana, na kabla ya jua kutoka alikuwa ameshafariki.

Nakuandikia wazi, kaka: sikulia. Nilikasirika. Wageni wanakuja wiki ijayo, mashine imefungwa kwa neno lisilojulikana na mtu yeyote duniani, pa kulifutia ni ndani ya sanduku, kufuli la sanduku ufunguo wake uko kwa marehemu, na marehemu mwenyewe kalala sebuleni kwake kafunikwa shuka nyeupe. Ningeweza kukata kufuli kwa msumeno, najua. Sikutaka. Nilitaka afungue yeye, kama alivyosema.

Makaburini watu walinitazama mimi. "Mtani yupo? Mtani afanye kazi yake." Nilidhani sitaweza. Lakini walipotaka kuteremsha jeneza, miguu ilinipeleka yenyewe. Nikakaa kwenye kifusi, nikaning'iniza miguu ndani ya kaburi, nikapiga kelele.

"Hazikwi mtu hapa! Maganga! Wewe mpagazi usiye na haya! Umetua mzigo katikati ya njia, umekimbia, nani atabeba? Neno gani umeandika? Sema! Juzi ulikuwa na mdomo mrefu, leo umenyamaza nini?"

Watu wakacheka, wengine wanajifuta machozi. Padri akafunga kitabu chake akasubiri, naye ni mtoto wa hapa, anajua. Wote walidhani naigiza vizuri. Kaka, sikuwa naigiza hata neno moja. Niliutukana ule ubao wa jeneza kwa hasira ya kweli mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyenizuia, kwa sababu mtani ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kumgombeza maiti.

Mjane wake, Mama Kulwa, ndiye aliyekuja. Akafungua pindo la kanga, akatoa kishada cha funguo, akanitia mkononi. "Pokea malipo yako, mtani. Neno sijui, hakuniambia. Ila funguo hizi alikuwa hamwachii mtu. Sasa mpishe mume wangu apite." Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nikasimama, nikampisha.

Jana nimefungua kufuli. Nikachomoa waya wa umeme, nikatoa kale kabetri ka duara kanakoitunzia mashine kumbukumbu ya mipangilio, nikasubiri, nikakarudisha. Neno la Mzee Maganga likafutika hapo hapo. Nikawasha: haina mfumo, inasema. Nusura niipige teke, halafu nikakumbuka kwamba ukikatoa kabetri mipangilio yote hurudi ilivyotoka kiwandani, na ile njia ya zamani ikawa imejirudisha. Nikaibadilisha. Linux ikaanza kuamka, ikasimama tena, ikalalamika kwamba diski hii mara ya mwisho imetumika siku ambayo bado haijafika. Saa, kaka. Nayo ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Kwa tarehe ya mashine ile Mzee Maganga yuko stoo, anahesabu mifagio.

Sikuirekebisha mara moja. Nilikaa nayo kidogo.

Kisha nikaiweka sawa, nikawasha upya, ikapita moja kwa moja. Haikuniuliza neno. Mashine nyingine zote zikafuata, chumba kizima kikawa na mwanga, na Mkuu alipochungulia akasema, "Kumbe lilikuwa jambo dogo tu." Hapo ndipo nilipolia, kwa hasira, mbele yake, akadhani nimefurahi.

Kwa hiyo kazi ninayo. Wageni waje watakavyo. Lakini ile mashine imefunguka kama mlango uliovunjwa na mwizi, hongo haikulipwa, na kosa ni lako. Usiniambie "bahati mbaya." Usiniambie "Mungu amependa." Mungu hakukuzuia kuokota nazi.

Mama mwambie namwamkia, na dawa ya goti nitaituma. Bibi mwambie asali anayoipenda nimeipata, ila aliyeniletea hayupo tena. Shangazi wa kule bondeni msalimie, na watoto wake. Mkwezi naye msalimie, mwambie harusi imekwisha.

Kwa Mama Kulwa wanamaliza msiba siku ya arobaini. Nimesema mbele ya ukoo wote kwamba nazi italetwa. Basi ondoka hapo ulipo, usimngoje mkwezi, okota ile iliyoanguka mlangoni kwa Mama, mpe dereva huyu huyu. Itikise kwanza, usikie maji. Ikifika, nitaibeba kichwani kwa miguu yangu kutoka stendi mpaka kaburini, mchana kweupe, Tabora nzima imwone Mzaramo akimbebea Mnyamwezi mzigo.

Ni mimi dada yako, nisiyekuchukia ila leo nimekaribia,
Zuhura