Simu ya Jumatatu

Shangazi Tatu,

Nimekaa, nimeinuka, nimekaa tena. Karatasi ya kwanza nimeichana, maana nilijikuta nakuuliza hali. Hii ya pili naiandika kwa herufi za Kiarabu, zile ulizofundishwa chuoni ukiwa mtoto, kwa sababu ndizo pekee ulizoweza kuzisoma. Mwandiko wangu ni mbaya, najua. Vumilia.

Leo jioni gari la sinema litasimama kwenye uwanja wa shule, na picha watakayoonyesha ni yako ya mwisho. Bibi anataka nimpeleke. Tangu asubuhi natembea kutoka uani hadi barazani na kurudi, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Baba hakuinua uso kwenye cherehani yake. Alisema tu, "Mama, utakwenda kumtazama maiti anatembea?"

Bibi akamjibu, "Nakwenda kumtazama mwanangu. Wewe shona kanzu za watu."

Unavyomjua mama yako, hakuna wa kumzuia. Lakini macho yake sasa yameingia ukungu, hivyo mimi ndiye nitakayemsimulia kila kinachopita kwenye kitambaa. Na sijui ndani yake mna nini. Hukuwahi kuniambia kama katika picha hii unaishi au unafariki.

Unakumbuka ulivyoanza? Watu wa sinema walikuja Kaole na vyombo vyao, wakitafuta mwanamke wa kufa. Katika hadithi yao mumewe amechelewa kumpeleka hospitali, basi, afe. Yule waliyemchagua alipoona lile jicho la kioo linamwelekea, akakunja khanga akakimbia. Wewe ulikuwa unapita na mzigo wa kuni. Ukautua. "Kama ni kufa tu," ukasema, "nipeni mimi."

Ulikufa vizuri mno, Shangazi. Picha ilipoonyeshwa Kaole, kesho yake asubuhi wakaja kina mama watatu kutuhani, na mchele wao kwenye ungo, wanalia tangu njiani. Mlango ukafungua wewe, mswaki mdomoni. Bi Mwanahawa aliangusha ungo. Mlipokwisha kumtuliza na kumpa kahawa, swali lake la kwanza likawa, "Sasa mchele wetu tunarudi nao?"

"Haurudi," ukamwambia. "Mimi ndiye mfiwa. Nimefiwa na nafsi yangu."

Mjini watu walicheka mwezi mzima. Baba hakucheka. Mume wako naye hakucheka. Alikupa uchague, yeye au sinema, na alipokuona unafikiri, akakuandikia talaka kabla hujamaliza kufikiri. Ulilia siku moja. Ya pili uliniita nikusomee maneno ya picha nyingine.

Hiyo ndiyo siri tuliyoishi nayo wawili. Wale mabwana wa Dar es Salaam walikupa makaratasi yaliyopigwa taipu, wewe ukayapokea kwa mikono miwili na kutikisa kichwa kama msomi, kisha ukayaleta kwangu. Nilikuwa mwanafunzi bado. Nilikusomea sentensi mara mbili, ya tatu ulikuwa nayo. Niliposoma kwa haraka ulinikemea: "Mwalimu wangu, huyu mwanamke ana huzuni. Msome kwa huzuni." Nilikuwa nakuonea aibu kidogo, kwamba hujui kusoma herufi za shule. Naandika hili kwa sababu sikuwahi kulisema.

Baadaye Unguja nao wakakuita, wakakuweka kwenye televisheni. Huku kwetu hakuna aliyekuona, huku hakuna televisheni. Ulirudi ukatuambia, "Kule naonekana na rangi zangu zote," na Bibi akataka kujua ulivaa khanga gani, na ulipomwambia ile ya zambarau iliyochujuka, akakugombeza jioni nzima.

Nazunguka. Nazunguka kwa sababu sitaki kufika Jumatatu.

Tuseme basi. Nilipopangiwa kufundisha Chalinze, ulianzisha mchezo wako. Kila walipokupa sehemu ya kufa, uliniletea simu ya maandishi: TATU KAFA NJOO IJUMAA. Ya kwanza, karani wa posta alikuja nayo shuleni amevua kofia, akanipa pole mpaka nikaona haya. Ya pili alianza kucheka akiwa mbali. Ya tatu alinipigia kelele dirishani mbele ya darasa zima, "Mwalimu Zuhura, shangazi yako kafa tena!" Nami Ijumaa nilipanda gari, nikaja, tukala halua, ukatandika mkeka ukafa mbele yangu hatua kwa hatua, huku Bibi akitupigia kelele chumbani kwake: "Nyie wanaharamu, acheni kuchezea mauti!"

Jumatatu ile karani alikuja saa nne. Alikuwa anacheka. Karatasi ilisema TATU AMEKUFA NJOO. Basi. Ijumaa haikuwemo. Nikajisemea, Shangazi kawa bahili hata wa neno moja.

Na nikacheka, Shangazi. Nilisimama na chaki mkononi nikacheka. Mwalimu mkuu alipoiona karatasi akasema, "Nenda, Mwalimu, nitakushikia darasa," nikamjibu, "Hapana, Mwalimu, ni mambo ya sinema tu." Kisha nikawafundisha watoto kugawanya.

Saa ile ulikuwa umelazwa kwenye kitanda cha kuoshea. Ulianguka alfajiri ukichota maji ya udhu, wakaniambia baadaye, na hukusema neno. Walitaka kukuzika adhuhuri. Baba, yuleyule Baba, aliyekaa miaka bila kulitamka neno sinema, akamwendea shehe akamwomba wangoje hadi alasiri kwa sababu Zuhura yuko njiani. Akaenda mwenyewe kusimama barabarani. Kila gari lililotokea Msata alilisogelea akatazama ndani. Na waoshaji waliacha kata moja ya maji kwenye mtungi, ya mwisho, Bibi akisema hiyo nikumiminie mimi, mtoto wako wa kukusomea.

Alasiri ilifika. Bibi akakumiminia yeye.

Ijumaa nikaja. Nilikuletea machungwa ya Chalinze na khanga nyekundu, nimejipaka wanja. Kutoka mlangoni nilisikia vyombo vinagongana uani, nikadhani una wageni. Nikapiga hodi kwa sauti kubwa: "Hodi! Hodi, wafu wa nyumba hii!"

Hakuna aliyeitikia. Nikaingia. Walikuwa wanaosha masufuria ya hitima.

Kuna mwanamke alinipokea kapu la machungwa kwa upole, kama anavyopokewa mtoto kisu. Bibi akaniita, akanishika uso, akasema, "Posta wamekuchelewesha, mwanangu." Nikasema ndiyo. Ndiyo moja tu, Shangazi, na miezi mitatu sasa naishi ndani yake. Baba amemlaani karani wa watu mbele ya majirani wote. Nami nipo nasikiliza.

Bibi ananiita. Amekwisha vaa buibui. Jua bado lipo juu.

*

Jumapili asubuhi.

Tulikwenda. Baba alitutazama tukitoka, akatupatia mto wa kukalia.

Ulikuwa mkubwa mno kwenye kile kitambaa. Upepo ulipokipiga, uso wako ulijikunja kisha ukanyooka. Watoto wakashangilia jina lako. Mimi niliikalia mikono yangu.

"Anafanya nini?" Bibi akauliza.

"Anatwanga mpunga."

"Anatwanga vizuri?"

"Vibaya, Bibi."

"Ndiye mwenyewe huyo."

Ulikuwa mama mwenye binti anayetaka kusoma, na mume hataki. Kila mlango ulipofunguka, kila ulipokohoa, Bibi alinishika mkono: "Kafa?" "Hajafa, Bibi." "Usinifiche. Huyo kazi yake kufa." Wa nyuma yetu akasema, "Bibi, tuache tusikie." Bibi akamgeukia, "Aliyemzaa ni wewe?"

Kisha ukafika mahali unakaa peke yako kizingitini, unashika barua ya shule ya binti yako. Unaitazama. Huwezi kuisoma. Hukutikisa kichwa kama msomi, Shangazi, safari hii hukujifanya. Uliigeuza juu chini, ukaipapasa kwa kidole, ukainua macho ukatafuta mtu wa kukusomea. Ulitazama kwetu. Najua ulikuwa unatazama jicho la kioo, siku nyingi zilizopita. Lakini ulitazama kwetu.

"Amenyamaza kwa nini?" Bibi akauliza. "Anafanya nini?"

Nikasema, "Bibi, simu haikuchelewa. Niliipata Jumatatu ileile, saa nne. Nilidhani ni mchezo. Nilicheka."

 Mashine ya sinema ilikuwa inanguruma garini. Nilihesabu pumzi za Bibi, sikujua kama atanyanyuka aniache pale.

"Nilikusikia ulivyopiga hodi," akasema.

Muda wote huo, Shangazi! Aliisikia hodi yangu, akanishika uso, akanipa uongo wa kujisitiri kama anavyopewa khanga mtu aliyeanguka mbele za watu.

"Haya," akasema, "anafanya nini sasa?"

"Amesimama. Amempa binti barua amsomee."

"Yu hai?"

"Yu hai, Bibi. Anatabasamu."

Akapapasa, akaokota mto wa Baba, akalishika bega langu ainuke. "Basi twende," akasema, "kabla hawajamuua."

Tukaondoka katikati ya picha. Nyuma yetu sauti yako ilikuwa bado inasema, na maneno yale sikukusomea mimi. Sijui nani alikusomea. Asubuhi hii watoto wa jirani wanaigiza picha yote hapo nje, ningeweza kufungua dirisha niwaulize iliishaje. Sitafungua.

Nililia. Njia nzima, mara ya kwanza tangu ufe, na Bibi akaniacha nilie akitafuta njia mwenyewe kwa fimbo.

Pumzika, mwanafunzi wangu. Mungu akunawirishe uso wako hukohuko. Barua hii nitaizika kaburini kwako, chini ya kokoto, herufi zimeangalia juu. Nakuahidi moja: nikiitwa, na yeyote, kwa neno lolote, nitakwenda siku ileile. Nikikuta ni mchezo, nitacheka nikiwa nimefika.

Baba yuko kwenye cherehani. Naisikia inakwenda, inasimama, inakwenda. Yeye ndiye aliyesimama barabarani. Naikunja hii sasa, nakwenda kumwambia.

Mwalimu wako,
Zuhura