Kamba ya kwenda ku robine

Kazi Moja, 4 mwezi wa tano 1953

Asubui chai ya chumvi tena. Nilikunywa yote, sikusema kitu. Monika, bibi yangu wa ndoa, alijua, juu nilimeza na nguvu. Alilia. Kisha akacheka, akaniita mujinga.

Makopo ya maziwa iko mbili, sawasawa. Moja ya chumvi, moja ya sukari. Zamani macho yake ilikuwa inatenganisha. Sasa bibi yangu anaona mwangaza ya mulango tu, basi. Mangaribi nilitia jiwe kidogo mu kopo ya sukari. Ukitikisa, inalia. Ya chumvi inanyamaza. Kitu ya bure kabisa. Alitikisa, akatikisa tena, anafurahi. Na mimi nilifurahi.

Kisha nikafikiri: dawa yote ninaweza kumupa ni jiwe.

Kazi Tatu, 6 mwezi wa tano

Muntu wa Kabalo alishuka mu gari ya moshi na neno ya shemeki Yozefu, kaka mukubwa wa Monika. Balisikia dada yao haoni. Mwisho wa mwezi banakuya kuangalia. Kama hawezi kujitumikia, banamurudisha kwao.

Ni haki yao. Kwetu iko vile: mwanamuke akigonjwa, bandugu yake ndio banamuuguza. Bwana yake hana neno.

Munganga wa hospitali aliisha kusema kama macho hii haina dawa. Alisema mbiombio, kulikuwa bengine nyuma yetu ku mulongo. Mutoto hatuna. Nikienda kazi ku atelye ya gari ya moshi, Monika anabaki peke yake mpaka mangaribi. Niko na hasira na sijui ni hasira ya nani.

Siku ya Posho, 9 mwezi wa tano

Nilipata kamba ku atelye. Ya zamani, ya kufungia mizigo ku magoni ya gari ya moshi, ilikuwa ya kutupa. Shefu akasema kamata.

Niliifunga toka mulango yetu mpaka ku robine, pale kamp yote inateka mayi, ku miti nilisimamisha mwenyewe. Fundo moja pale pa ngazi. Fundo mbili pa kufikia robine. Monika aliifuata na mukono, polepole, akarudi na ndoo. Hakumwanga mayi.

Bantu balicheka. Mama Tabu, bibi ya fundi wa kushona, muntu wa Maniema, jirani yetu, alisema: "Baba, unafunga bibi sawa mbuzi?" Nilimukasirikia. Nyuma kidogo akarudi na kipande ya kitambaa, akaifunga ku kamba pale anawekaka mbabula yake, jiko ya makala. "Akishika kitambaa, ajue moto iko karibu." Nilisema aksanti.

Kazi Tano, 15 mwezi wa tano

Kipande ya mpira ku ngazi, juu muguu isiteleze. Rondele tatu za chuma mu uzi ku mulango, zilie, juu ajue nani anaingia. Yote ya ku takataka za atelye.

Akili ingine alipata yeye mwenyewe. Anasikiliza chai ikiingia mu kikombe. Sauti inapanda, anaacha. Haimwangiki hata kidogo. Mimi na macho yangu mbili sikujua kama kikombe inasema.

Sheria ya nyumba sasa ni moja: kitu isihame. Sanduku ya sabuni yenye tunakaliya iko ku ukuta, inabaki ku ukuta. Jana niliacha viatu katikati. Alinitukana mpaka jirani bakasikia. Alikuwa na haki.

Kazi Ine, 21 mwezi wa tano

Leo nilirudi, nikakuta bukari ya unga na mboga ya sombe tayari. Moto aliwasha mwenyewe. Nilimuangalia mikono nikiwa pa mulango. Rondele ililia, akasema: "Ingia basi, unaniangalia nini?"

Naanza kuamini. Naogopa sana kuamini.

Siku ya Mungu, 24 mwezi wa tano

Nyuma ya misa tulifanya sawa shemeki Yozefu anaisha kufika. Mimi ndio nilikuwa Yozefu. Nilikaa, alileta mayi ya kunawa, akapiga magoti, akaleta chakula. Hakukosa kitu. Nilijifanya mukali, nikaomba chumvi. Alitikisa makopo mbili, akanipa ile ya kunyamaza. Tulicheka.

Siku ya Posho, 30 mwezi wa tano

Nataka kuandika na mukono haitaki.

Balifika mbili, Yozefu na mudogo wake. Bakwe habakaliye sanduku ya sabuni. Ni haya. Muntu gani atakaribisha bakwe ku sanduku? Asubui niliazima biti ine bya kukalia kwa Mama Tabu. Nilimushika Monika mukono, akapapasa kiti moja moja, akahesabu hatua zake. Akasema sawa, najua.

Balikaa. Alileta mayi ya kunawa. Muzuri kabisa. Yozefu aliniangalia, niliona uso yake inalegea.

Pale Monika alirudi ku mbabula kukamata sombe, padri akapita inje, akatoa salamu. Yozefu akasimama kwa heshima, akasukuma kiti nyuma. Sikuona. Nilikuwa mimi pia nasimamia padri.

Monika akaingia na sufuria ya moto. Njia yake ilikuwa imefungwa na kiti.

Aliungua mukono na kifua. Sombe yote chini. Hakulia, alitafuta tu kifuniko mu vumbi, anapapasa, anapapasa, mbele ya bakaka zake. Yozefu alimuinua mwenyewe. "Dada, inatosha."

Nilisema ni kiti. Nilisema sisi hapana na biti mu nyumba hii. Nilisema tena: ni kiti. Nilisikia sauti yangu, sauti ya muntu mwenye kujitetea.

Siku ya Mungu, 31 mwezi wa tano

Balizungumuza asubui yote. Monika alisema muniache hapa, hapa najua. Niliwaonyesha kamba, jiwe, rondele. Yozefu alishika kamba, akaivuta kidogo, akasema: "Shemeki, ulifanya kazi. Lakini siku ataungua kabisa, wewe utakuwa ku atelye."

Si muntu mubaya. Mukono ya dada yake alimupaka dawa na machozi mu macho. Angekuwa mubaya ningepigana naye.

Mayi ikisha kumwangika haizoleki. Nilisema ndiyo.

Kazi Mbili, 2 mwezi wa sita

Ku gare ya gari ya moshi bantu balijaa. Monika alipapasa dirisha ya gari mpaka akapata mukono yangu. Aliniuliza kama nilirudisha biti za Mama Tabu.

Nilirudisha.

Kazi Tano, 5 mwezi wa sita

Sikupika. Mama Tabu alituma muchele. Nilikula nikisimama.

Siku ya Mungu, 28 mwezi wa sita

Baridi asubui. Muntu wa gari ya moshi, tunafanya naye kazi, alirudi toka Kabalo. Alimuona Monika. Mukono inapona. Anakula muzuri, ananenepa. Bamama ya kwao banamuogesha, banamutilia chakula mu mukono. Habamuachii hata kupepeta unga. Anakaa pa mukeka mpaka jua inashuka.

Alituma neno moja: nitumie kamba.

Nilifungua kamba ku mulango, kisha ku robine. Ilikamata saa nzima, fundo ya mwisho ilikuwa imekauka na mvua ya zamani na jua. Kitambaa ya Mama Tabu niliachia ku kamba, pale pale. Mafundo pia niliachia. Ni mafundo ya njia ya hapa, kule haitapatana na kitu. Niliifunga mu gazeti, nikamupa ule muntu, anarudi kesho.

Nyuma ya ile nilienda kuteka mayi. Mama Tabu alinisalimia, sikukaa.

Nilipika chai. Kikombe moja. Makopo mbili iko pa nafasi yake, na macho yangu inaona muzuri ni gani ya sukari. Nilitikisa kwanza, kisha nikafungua.